Buigiri, shule ya wasioona, na ugonjwa wa vikope

Msikilizaji, ukitoka Makole kwa barabara ya Morogoro utapita Buigiri, wilayani Chamwino. Hapo Kanisa Anglikana lilifungua shule ya wasioona mwaka 1950. Watoto ambao wangebaki nyumbani tu walifundishwa kusoma nukta nundu kwa vidole.

Huku kwetu Ugogoni upofu una chanzo kimoja cha zamani: vikope, yaani trakoma. Bakteria wake husambazwa na mikono, kanga ya kufutia uso, na inzi. Ukiambukizwa mara nyingi, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho. Upasuaji mdogo huzuia upofu, ila haurudishi uoni uliokwisha kupotea. Kwa hiyo bibi anayejing'oa kope kila wiki, mpelekeni kituo cha afya mapema. Na watoto wanawe uso kila siku, hata maji yakiwa kikombe kimoja.