Jumba la Unguja, Pembe za Kongo

Ukiulizia nyumba za zamani Musonoi, mtaa wa Kolwezi nchini Kongo, utaonyeshwa zile ambazo kampuni ya madini ya Union Minière iliwajengea wafanyakazi wake. Hizo ni za juzi, kwa kuwa Kolwezi yenyewe ilianza mwaka 1937. Jumba la karne ya 19 lenye mali ya Kongo ndani yake lipo, ila liko Shangani, katika Mji Mkongwe wa Unguja.

Mwenyewe alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Kutoka Kasongo, Manyema, misafara yake ilishusha pwani pembe za ndovu, na watu walioporwa makwao. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, huko Stanley Falls, Kisangani ya leo. Baadaye alirudi Unguja, akafia huko mwaka 1905.

Majumba ya Mji Mkongwe yana kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hulazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti haziwi ndefu sana, kwa hiyo hata tajiri alilala katika chumba chembamba. Fahari yake aliiweka pale mpita njia atakapoiona. Mlango wa Tippu Tip umejaa nakshi, na vidato vya kuuendea ni vya marumaru, vyeusi kwa vyeupe.

Leopold naye alijenga kwao. Mapato ya Kongo yalisimamisha tao la Cinquantenaire mjini Brussels, lililozinduliwa mwaka uleule wa 1905, kisha jumba la makumbusho la Tervuren, 1910. Katanga, eneo iliko Kolwezi, hali ilikuwa nyingine. Msiri, aliyetoka Unyamwezi akatawala Bunkeya kwa biashara ya shaba na pembe, aliuawa kwa risasi na msafara wa Leopold tarehe 20 Desemba 1891, na watu wa mji wake wakatawanyika.

Leo malori yanaondoka Kolwezi na shaba na kobalti. Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka asilimia 15 ya mrabaha ibaki kwa serikali ya mahali panapochimbwa. Fedha hizo zina uwezo wa kujenga shule na zahanati. Kila mwaka wakazi waulize zimeingia kiasi gani, na waonyeshwe ukuta uliojengwa nazo.