Wazee wa Bukumbi na Vijana wa Ng'ambo

Kusini mwa mji wa Mwanza kuna mahali paitwapo Bukumbi. Mapadre Weupe walijenga misheni hapo mwaka 1883. Lakini hawakuja kwa furaha. Mioyo yao ilikuwa imebaki ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Buganda.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1879 Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alifika kwa Kabaka Mutesa pamoja na Bruda Amans. Vijana wengi wa nyumba ya Kabaka wakapenda kusoma dini. Lakini mwezi wa Novemba 1882 hatari zilizidi, mapadre wakaona hawana budi kuondoka. Wakashika njia ya ziwa kwa mitumbwi, pamoja na watoto waliowakomboa utumwani. Vijana waliokuwa wakisoma wakaachwa nyuma.

Fikirini hofu ya wazee hao. Vijana wale walikaa katika nyumba ya mfalme, penye zawadi, fitina na vishawishi vingi, wala hapakuwa na padre wa kuwaongoza. Nani asingesema, "Hawa wamekwisha kupotea"? Hata leo wazazi wa pande za Mwanza huingiwa na hofu hiyo, mtoto aendapo kutafuta kazi mjini, au katika kambi za wavuvi visiwani. Mapadre hawakuweza kuwafuata vijana wao, waliweza kuwaombea.

Lakini kuomba si kukaa bure. Kabla ya kuondoka, mapadre walikuwa wamekwisha kupanda mbegu. Yusufu Mukasa na Andrea Kagwa walibatizwa mwezi wa Aprili 1882, na Matia Mulumba mwezi uliofuata. Basi hao ndio walioishika kazi. Mukasa aliwafundisha vijana wenzake mle mle kasrini, na Mulumba aliwafundisha watu wa Mityana. Mutesa akafa mwaka 1884, na Kabaka Mwanga akawaita mapadre. Waliporudi mwaka 1885 waliwakuta wasomaji si wachache kuliko zamani, bali wengi zaidi.

Je, sala iliwakinga vijana na kila baya? La. Tarehe 15 Novemba 1885 Mukasa aliuawa kwa amri ya Mwanga, kwa kuwa alithubutu kumwonya. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo. Mmoja wao, Kizito, alikuwa mtoto wa miaka kama 14. Sala haikuwaondolea mateso. Iliwapa nguvu ya kusimama imara.

Wazee husema, samaki mkunje angali mbichi. Mzazi asiyemfundisha mwanawe neno, kisha akasema, "Namwachia Mungu," huyo hamtegemei Mungu, bali anaikimbia kazi yake. Lakini mzazi aliyefundisha kwa bidii, naye aombe na kutumaini, maana hawezi kumfuata mwanawe kila aendako.

Nanyi wanafunzi, wazee wakiwahofia, msidhani wanawadharau. Vijana wa Buganda hawakungoja mapadre warudi ndipo wawe wema.

Maswali
1. Kwa nini mapadre waliondoka Buganda mwaka 1882?
2. Nani waliwafundisha wengine mapadre walipokuwa Bukumbi?
3. Eleza tofauti ya kumtegemea Mungu na kuikimbia kazi.