Himoglobini Ikimwagika

Mtoto mwenye malaria kali akitolewa damu, awe katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale au mtaa wa Ruharo mjini Mbarara, na kichupa kikazungushwa kwenye mashine, chembe nyekundu hutuama chini na majimaji hubaki juu. Kwa mwenye afya ni ya manjano hafifu. Kwa mgonjwa huyu yanaweza kuwa na wekundu: ni himoglobini iliyomwagika baada ya vimelea kupasua chembe. Ikizidi hupita kwenye figo, na mkojo ukawa na rangi ya kahawa.

Ndani ya chembe, himoglobini hulindwa na vimeng'enya visivyoiacha ioksidike. Nje haina mlinzi. Chuma chake hupoteza elektroni, kazi ya kubeba oksijeni inakwama, na baya zaidi, hemu, yaani kile kipande chenye chuma, huchomoka kwa urahisi. Seli za kinga ziitwazo makrofaji huitambua hemu kwa kipokezi cha TLR4, kilekile kinachonusa sumu za bakteria, nazo huanza kupiga mbiu ya adui. Kuta za mishipa huota protini za kunasa, nyutrofili, seli nyingine za kinga, hugandamana, mchochota unapamba moto.

Mwili nao haulali. Haptoglobini hukamata himoglobini; hemopeksini hukamata hemu. Makrofaji za wengu na ini humeza mzigo wa haptoglobini kupitia kipokezi cha CD163, huvunja hemu, na hutoa interlukini-10, ambayo hupoza mchochota. Himoglobini ileile basi huchochea au hutuliza mchochota, kutegemea nani kaiwahi. Katika malaria kali haptoglobini huisha.

Tena kinga iliyochokozwa si lazima iwe imara. Majaribio ya panya yaliyofanywa London yalionyesha kwamba nyutrofili zilizokomaa wakati chembe nyekundu zikipasuka humeza bakteria wa salmonela lakini hushindwa kuwaua. Kwa watoto wa Gambia wenye malaria, nyutrofili zilionekana kuwa na udhaifu kama huo.

Mbarara ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya AQUAMAT, utafiti uliolinganisha dawa mbili za malaria kali, uliochapishwa 2010 na kuhusisha watoto 5,425. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa atesuneti, 8.5. Ushindi mkubwa huo, ila atesuneti huua vimelea tu. Haiokoti hemu wala haigusi salmonela. Ndiyo maana mwongozo wa WHO unataka mtoto mwenye malaria kali aanzishiwe na antibayotiki pia.