Kuuliza si ujinga: Kompyuta yangu ya kwanza

Ndugu wasikilizaji, juma lililopita kijana mmoja wa mtaani kwetu Tandika, wilayani Temeke, alinijia jioni amekumbatia kompyuta ya mezani. Alikuwa ameinunua kwa mtu kwa bei ya kutupa. Akiiwasha, feni inazunguka, lakini kioo kinabaki giza. Akaniambia: "Shikamoo Mzee. Wenzangu wamenishauri niiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nawe unasemaje?"

Kabla sijamjibu, niliigeuza mashine ile nikatazama mgongoni kwake, karibu na tundu la waya wa umeme. Nilikuwa natafuta swichi ndogo nyekundu. Kijana alishangaa kwamba naanzia nyuma badala ya mbele. Basi leo naomba niwaeleze ninyi nilichomweleza yeye, maana swichi ile iliwahi kunifundisha somo ambalo sijalisahau hadi leo.

Lakini kwanza turudi nyuma kidogo. Wasikilizaji wa rika langu watakumbuka kwamba kompyuta katika nchi yetu haikuwa kitu cha kununua dukani. Hazina ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965. Baadaye kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine hizo ilikwenda mrama, na fedha nyingi zikapotea. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Aliyehitaji kompyuta hakuwa na budi kuomba kibali maalumu. Masharti hayo yalianza kulegezwa katika miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yakaondolewa. Kwa hiyo kizazi kizima cha makarani, mimi nikiwa mmojawapo, kilikulia kwenye taipureta na karatasi ya kaboni, huku dunia ikiwa imeshakwenda mbali.

Imekwenda mbali kiasi gani? Mwezi Agosti mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ndogo ya mtu binafsi. Jambo kubwa katika mashine ile halikuwa ukali wake. Jambo kubwa ni kwamba IBM, kwa kuwa na haraka ya kuingia sokoni, ilitumia vipuri vya kununua kwa wengine. Prosesa ilitoka Intel, na programu ya kuiendesha ilitoka Microsoft. Maelezo ya namna vipuri vinavyoungana nayo yakachapishwa wazi. Haikuchukua muda kampuni nyingine, Compaq ikiwa miongoni mwa za kwanza, zikaanza kutengeneza mashine zinazofanana na ile. Viwanda vya Taiwan na kwingineko vikafuata, vikitoa vipuri vyenye vipimo vilevile na plagi zilezile. Ndiyo maana kipuri kilichotengenezwa Asia, kikatumika Ulaya au Marekani, kikapitia Dubai, kiliweza kufika Kariakoo na kuingia sawasawa kwenye kasha alilolinunua mtu wa Tandika. Bila uamuzi ule wa mwaka 1981, hadithi yangu isingekuwapo.

Basi mwaka 1998 nikiwa karani katika ofisi moja mjini, niliingiwa na wazo. Kuchapishiwa barua, mitihani ya shule na kadi za harusi kulikuwa biashara nzuri, na mtaani kwetu hapakuwa na mwenye kompyuta. Kompyuta mpya haikushikika kwa mshahara wangu. Lakini nilikuwa nimeshaona ofisini mafundi wakifungua mashine na kubadilisha vipuri. Nikajiambia, kumbe ni kuchomeka na kukaza skrubu tu! Nitaiunga mwenyewe.

Fedha zilitoka wapi? Hapo ndipo penye uchungu. Mama watoto alikuwa kwenye upatu wa akina mama 15, kila mmoja akitoa shilingi 10,000 kwa mwezi. Zamu yake ilikuwa ya nne. Alipokea shilingi 150,000, ambazo zilikuwa karibu mishahara yangu ya miezi mitatu. Alikuwa amekusudia kununua cherehani. Nilimshawishi kwa siku nyingi, hata akakubali. Fahamuni kwamba aliyepokea zamu ya nne bado anadaiwa miezi 11. Fedha ile haikuwa zawadi, ilikuwa deni.

Kwa majuma sita nilikuwa nikitoka kazini napanda daladala kwenda Kariakoo kutafuta kipuri kimoja kimoja. Kila kimoja nilikinunua baada ya kuuliza kazi yake, na kwa faida ya wasiofahamu nitavitaja. Kuna ubao mpana wa kijani, ambao mafundi huuita madabodi, ndiyo barabara zinazounganisha vipuri vyote. Juu yake hukaa prosesa, inayofanya hesabu. Yangu ilikuwa Intel 486 ya megahezi 66, maana yake mapigo milioni 66 kwa kila sekunde. Kuna memori, ambayo ni meza ya kazi: hushika kile unachokifanya sasa, na umeme ukikatika yote hupotea. Nilipata megabaiti 8. Kuna diski kuu, ambayo ni kabati: hutunza kazi hata mashine ikizimwa. Na kuna pawasaplai, kasha la bati lenye feni, linalopokea umeme wa ukutani na kuushusha hadi volti 5 na volti 12 zinazohitajika ndani.

Kinondoni Manyanya alikuwapo mzee mmoja fundi redio, rafiki wa marehemu baba yangu. Nilipita kwake Ijumaa nikamweleza. Akaniambia: "Mwanangu, umefanya vema. Lakini usiiwashe. Jumapili nitakuja Tandika tuikague pamoja." Nikaitika, "Ndiyo Mzee." Moyoni nikasema, mzee huyu ni wa redio za mbao, kompyuta ataijulia wapi?

Jumamosi usiku nilimaliza kukaza skrubu. Watoto walikuwa wamejipanga kwenye mkeka, majirani wawili wamesimama mlangoni. Nikachomeka waya ukutani, nikabonyeza. Ukasikika mlio kama wa fataki, ukatoka moshi wenye harufu kali, na taa ya sebuleni ikazimika. Mtoto mdogo akaanza kulia. Mama watoto hakusema neno. Alichukua kandili, akaiwasha, akaiweka juu ya meza mbele yangu, akaenda kulala. Ndugu wasikilizaji, ningependa angenigombeza.

Jumapili mzee alikuja kama alivyoahidi. Nilimweleza yote. Hakucheka, wala hakuniuliza kwa nini sikumngoja. Aliigeuza mashine, akaweka kidole kwenye swichi nyekundu. "Hapa pameandikwa nini?" Pameandikwa 115. "Na umeme wa hapa kwetu ni volti ngapi?" Ni volti 230. Akanyamaza ili nijijibu mwenyewe.

Maelezo yake yalikuwa haya. Umeme wa majumbani Marekani ni wa volti 120 hivi, wa kwetu ni 230. Pawasaplai za wakati ule zilitengenezwa ziuzwe kote, na swichi ile ndiyo iliyoiambia mashine iko nchi gani. Ukiiweka kwenye 115, saketi ya ndani huuongeza maradufu umeme unaoingia, kwa kuwa inategemea umeme mdogo. Ukiipa 230 ikiwa katika hali hiyo, unauzidisha ule ambao tayari ni mkubwa. Kapasita zinazoupokea haziwezi kuustahimili, hivyo hupasuka, na fyuzi hukatika. Pawasaplai yangu ilitoka kwenye mashine iliyotumika Marekani. Hakuna aliyenidanganya. Maandishi yalikuwa hapo hapo, nami sikuyasoma.

"Sasa tuombe Mungu," alisema, "kwamba kilichokufa ni hiki tu." Pawasaplai ikipasuka upande wa kuingilia umeme, mara nyingi vipuri vingine husalimika, maana umeme haukuwahi kuvuka. Alichukua pawasaplai akaenda nayo, akanionya nisiifungue mwenyewe, kwani kapasita zake zinaweza kukaa na umeme wa kumwua mtu hata baada ya kuchomolewa. Baada ya siku nne alirudi nayo ikiwa na fyuzi mpya na kapasita mbili alizozitoa kwenye nyingine mbovu. Malipo aliyoyataka yalikuwa nauli na chakula cha mchana.

Kisha akanionyesha mtego wa pili, ambao mimi ningeukanyaga vilevile. Pawasaplai za aina ile zilikuwa na plagi mbili zinazofanana za kuingia kwenye madabodi, moja kando ya nyingine. Ukizibadilisha nafasi, ubao wote unaungua. Kanuni yake ni fupi: nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati. Nyeusi kwa nyeusi. Mwaka 1995 Intel ilileta mpango mpya wenye plagi moja kubwa isiyokubali kuingia kinyume, na mtego ule ukaondoka. Lakini mashine yangu ilikuwa ya zamani.

Nikaunga, mzee akikagua. Safari hii mama watoto ndiye aliyesoma swichi kwa sauti: "Mia mbili thelathini." Nikabonyeza. Feni ikazunguka, ikalia mara moja, pi, na kwenye kioo tarakimu nyeupe zikaanza kupanda, mashine ikihesabu memori yake. Halafu ikatuarifu kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1980. Sote tukacheka. Betri ndogo inayoiwezesha kukumbuka saa ilikuwa imekufa, hivyo ikarudi kwenye tarehe iliyopangiwa tangu kiwandani. Mzee akasema, "Hiyo 1980 kuingiza kitu kama hiki ungehitaji kibali."

Kazi ya kwanza ilikuwa mtihani wa darasa la nne wa shule ya jirani. Anayechapa alikuwa mama watoto, aliyejifunza kibodi kwa majuma matatu wakati mimi niko kazini. Nilimfundisha kufungua kasha pia, na hapo akanishinda. Vumbi la Tandika ni adui mkubwa wa kompyuta: hujaa kwenye feni, joto linapanda, mashine inazima. Yeye ndiye aliyegundua kulipuliza kwa pampu ya baiskeli kila mwisho wa mwezi, mashine ikiwa imechomolewa. Deni la upatu lililipwa mwezi kwa mwezi, miezi yote 11, bila kukosa hata mmoja. Na cherehani alinunua mwaka uliofuata, kwa fedha alizozichuma mwenyewe.

Ndugu wasikilizaji, kwa nini nawachosha na habari za mashine ya zamani? Nimeona shule ambazo zimepewa kompyuta, nazo zimefunikwa vitambaa vya kudarizi na kufungiwa chumbani, ufunguo akiwa nao mkuu wa shule, kwa kuogopa zisiharibike. Zinakaa hadi zinaharibika kwa kukaa. Nimeona vijana wanaojua kuitumia simu kwa kila namna, lakini ikizima hawana la kufanya ila kununua nyingine. Ni kweli kwamba vifaa vya siku hizi vingi vimegandishwa kwa gundi, na kuvifungua si rahisi. Lakini kompyuta ya mezani bado inafunguka kwa bisibisi. Hata lugha si kisingizio tena, kwani mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu yenye maelezo ya Kiswahili.

Sisemi kila mtu awe fundi. Wala sisemi watu wavamie mambo ya umeme kwa pupa. La hasha! Mimi nilivamia, na nusura niiache nyumba yangu na deni lisilo na kitu cha kulilipia. Ninachosema ni kwamba kuogopa mashine na kuidharau ni ugonjwa mmoja. Anayeiogopa haifungui. Anayeidharau haisomi maandishi yake, wala hamsikilizi mzee wa redio za mbao. Wote wawili hawaulizi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami naongeza kwamba kutouliza kwaweza kukugharimu cherehani ya mkeo.

Na kompyuta ya yule kijana? Swichi yake ilikuwa sawa. Tukachomoa waya, tukafungua kasha, tukatoa kipande cha memori. Meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefifia kwa uchafu. Nilimwomba mwanafunzi mmoja kifutio cha penseli, nikampa kijana ayasugue mwenyewe taratibu, kisha akirudishe kipande mahali pake mpaka kisikike kikibana. Alipoiwasha, kioo kikapata nuru.

Akaniuliza ananilipa nini. Nikamwambia Jumamosi aje na wenzake wale waliomshauri aiuze kwa vyuma chakavu, tuifungue tena mbele yao. Wamekubali kuja. Nanyi mlio karibu na Tandika, karibuni.

Kwa leo naishia hapa.