Barafu ya Mawinguni na Ngozi ya Binadamu
Baridi ya Malangali, Sumbawanga, huwahadaa wengi wakadhani jua halichomi. Kumbe juu ya uwanda wa Ufipa hewa ni nyepesi, huchuja kidogo zaidi miale ya urujuanimno.

Mchujaji mkuu ni ozoni, ambayo klorini huiharibu. Juu ya Antaktika, klorini hutokana na molekuli zilizonata kwenye barafu ya mawinguni. Wanasayansi huchunguza mnato wa namna hiyo kwa eksirei: kompyuta hukokotoa jinsi kila mpangilio wa atomu ungefyonza mionzi, na unaolingana na kipimo ndio hukubaliwa.

Mkataba wa Montreal wa 1987 ulibana kemikali za majokofu zilizoleta klorini hiyo. Hata hivyo, jua la Ufipa halingoji: mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, na kidonda kisichopona kichunguzwe mapema.