Kijana, usiokote kila pembe ukitaka kutengeneza upinde

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Busia, ukishapita uwanja wa ndege unafika Otonglo. Nyama ya ng'ombe haikosekani huku, lakini pembe zake mara nyingi huishia jaani. Kijana aliyeona pinde za Waturuki na Wakorea kwenye filamu anaweza kusema: mali ghafi si hii hapa, tena ya bure? Pole pole. Pembe nyingine zitakuvunjikia mkononi, na nyingine zitakupeleka kortini.

Upinde wa aina hiyo una tabaka tatu. Katikati ni mti. Upande unaomtazama mpigaji hubandikwa pembe, kwa kuwa pembe huvumilia kubanwa. Upande wa pili hubandikwa kano za mnyama, ambazo huvumilia kuvutwa. Gundi hutokana na ngozi au mabondo ya samaki. Pinde kama hizo zilipatikana hata katika kaburi la Tutankhamun, Misri, lililofunguliwa mwaka 1922. Kwetu Kenya, Wakamba na Wawaata walitumia mti mtupu.

Anza na sheria. Pembe ya nyati, swala au choroa ni nyara ya serikali. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kuwa nayo bila kibali ni kosa, hata kama uliiokota tu porini. Waturuki walitumia pembe ya nyati wa maji, yule anayefugwa Asia, si huyu wa mbugani kwetu. Wewe nenda kichinjioni au kwa mwenye bucha, uombe pembe ya ng'ombe.

Pili, pima urefu. Kila mkono wa upinde mkubwa unahitaji ukanda wa pembe wa karibu nusu mita, usio na kiungo. Ng'ombe wetu wa kienyeji, zebu, ana pembe fupi. Ankole wa Uganda anazo ndefu, ila usidanganywe na ukubwa: ndani mna mfupa wenye matundu, na kinachokufaa ni lile ganda la nje tu. Tazama unene wake pale ilipokatwa.

Tatu, angalia mkunjo. Pembe iliyojipinda kuelekea upande mmoja hunyooka ikipashwa moto na kubanwa kwenye jiliwa. Iliyojisokota kama kamba itakusumbua bure.

Nne, kagua afya yake. Paruza kidogo kwa kisu. Ukiona tabaka zinabanduka kama maganda ya kitunguu, achana nayo. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya pembe ya ng'ombe. Kataa pia yenye ufa, iliyokaa juani hadi ikapauka, au yenye vitundu, maana kuna viwavi wa nondo wanaokula pembe.

Ukishaipata, iloweke majini hadi mfupa wa ndani uchomoke, kisha uikaushe kivulini. Ukiikata kwa msumeno au kuipiga msasa, vaa barakoa, kwani vumbi lake si zuri kwa mapafu.

Sasa ukweli wenyewe: pembe nyingi utakazopata Otonglo hazitatosha upinde mzima. Kano na gundi pekee huchukua miezi kukauka, na hewa ya ziwani ina unyevu ambao gundi hiyo haiupendi. Ukitumia pembe mbovu, utajua siku ya kuvuta kamba, upinde ukipasuka karibu na uso wako.

Lakini pembe fupi nayo ina kazi yake. Ncha yake haina uwazi ndani, ni ngumu. Waingereza waliichonga wakaivika kwenye ncha za pinde zao ndefu za mti, ili kamba isile mti. Kwa tupa, msasa na ncha mbili za pembe, unaweza kuanza na upinde wa mti. Mkono ukishazoea, ndipo utafute pembe ndefu.