Chokaa Ndani ya Bega: Asili Yake na Njia za Kuitibu

Katika sehemu za Jilore, kama ilivyo katika vijiji vyote vilivyo kando ya mto Sabaki, ni vigumu kutaja kazi ya nyumbani au ya shambani isiyohitaji bega. Mwenye kulima huinua jembe, mwenye kutwanga huinua mchi, mgema huukumbatia mnazi, na mwenye kuteka maji huuinua mtungi mpaka kichwani. Kwa hiyo mtu akiamka asubuhi akaona mkono wake hauinuki, na bega lamwuma kama lililochomwa moto, nyumba nzima hupata taabu. Wengine husema kwamba amelala vibaya, wengine kwamba ameingiwa na baridi, na wengine hunong’ona kwamba ametupiwa kitu na adui. Bega huuma kwa sababu nyingi. Moja katika hizo, ambayo madaktari wameichunguza kwa zaidi ya miaka mia, ni chokaa iliyokusanyika ndani ya kano za bega.

BEGA LILIVYO

Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, nacho hukaa katika kikombe kidogo kilicho upande wa kombe la bega. Kikombe hicho hakina kina, na ndiyo sababu mkono waweza kuzunguka pande zote kuliko kiungo kingine cho chote cha mwili. Lakini kitu kizungukacho namna hiyo chahitaji kushikwa kisitoke mahali pake. Kazi hiyo hufanywa na kano nne zitokazo katika misuli ya kombe la bega, nazo huushika mfupa kama kamba zinavyoushika mlingoti wa jahazi. Kano iliyo juu, ipitayo chini ya mfupa ulio kama paa la bega, husaidia kuuinua mkono. Na hiyo ndiyo ipatwayo na chokaa mara nyingi zaidi.

Chokaa hiyo ni madini ya namna moja na yale yaifanyayo mifupa na meno kuwa magumu. Katika mfupa ina kazi kubwa, lakini katika kano haina faida.

JINSI CHOKAA INAVYOKUJA NA KUONDOKA

Ugonjwa huu huenda kwa hatua. Kwanza sehemu ndogo ya kano hubadilika tabia yake, na chembe za chokaa huanza kujikusanya hapo. Baadaye chembe hizo huwa bonge gumu kama chaki. Katika hatua hii mgonjwa aweza kuwa na maumivu kidogo tu, au asiwe nayo kabisa, na hali hiyo yaweza kudumu miaka.

Kisha mwili wenyewe huanza kuiondoa chokaa. Mishipa midogo ya damu huingia mahali pale, na bonge lililokuwa gumu hulainika, likawa kama chokaa ya tambuu iliyotiwa maji. Wakati huo kano huvimba, na pengine chokaa hupasuka ikaingia katika kifuko cha ute kilicho juu ya kano. Hapo ndipo maumivu yanapokuwa makali kabisa, hata mgonjwa asiweze kulala ubavu wake wala kujichana nywele. Basi ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba mara nyingi mtu huumwa sana wakati ule ule mwili unapojitibu. Chokaa ikiisha kuondoka, kano hujijenga upya.

NI NANI WAPATWAO?

Wagonjwa wengi ni watu wazima wa miaka 30 hadi 60, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Wenye kisukari na wenye maradhi ya tezi ya shingo huonekana kuwa karibu zaidi na ugonjwa huu.

Haifai kudhani kwamba chokaa hii hutokana na kula dagaa, kunywa maziwa au maji ya kisima, wala kwamba chokaa ya tambuu hushuka kutoka kinywani mpaka begani. Wala si ugonjwa wa wakulima peke yao. Mwaka 1941 daktari wa Marekani, Bosworth, alitoa habari za uchunguzi wake juu ya watu 6,061 wa kazi za ofisini, yaani mabega 12,122. Aliona chokaa katika asilimia 2.7 yao, ingawa hawakuwa watu wa jembe wala mchi. Tena wengi wao hawakuwa na maumivu.

Habari hiyo ina mafundisho makubwa. Kuonekana kwa chokaa katika picha si hakika kwamba ndiyo imletayo mgonjwa hospitali. Pengine imekaa kimya kwa miaka mingi, na maumivu yatokana na kano iliyochanika, au na bega lililoganda, au na jambo jingine. Kwa hiyo daktari mzuri haitazami picha tu. Humwuliza mgonjwa maneno mengi, humwinua mkono huku na huku, na kumpima nguvu zake.

Picha yenyewe huwa ya namna mbili. Eksirei huonyesha chokaa kama doa jeupe juu ya kichwa cha mfupa. Altrasaundi, yaani picha ipigwayo kwa mawimbi ya sauti, huonyesha chokaa pamoja na kano yenyewe, kama ni nzima au imechanika.

MATIBABU YA KWANZA

Kwa kuwa mwili waweza kuiondoa chokaa wenyewe, madaktari huanza na njia nyepesi. Mgonjwa hupumzishwa na kazi za kuinua mkono juu ya kichwa, naye hupewa dawa za kutuliza maumivu. Dawa hizo zisinunuliwe dukani na kumezwa ovyo majuma kwa majuma, maana baadhi yake huumiza tumbo na figo, hasa kwa wazee.

Kupumzika si kuufunga mkono kifuani mwezi mzima. Bega lisilotikiswa huganda, na kuligandua ni kazi ndefu. Liko zoezi moja jepesi ambalo kila mtu aweza kulifanya nyumbani kwake: mgonjwa huinama kidogo, akaegemea meza kwa mkono mzima, akauacha ule mkono mgonjwa uning’inie, kisha akauyumbisha polepole mbele na nyuma, na kuuzungusha duara ndogo. Maumivu yakipungua, husimama mbele ya ukuta na kuvipandisha vidole kidogo kidogo, kila siku juu zaidi ya jana. Wengi hupona kwa njia hizi, ingawa huenda ikachukua miezi mingi.

KUOSHA CHOKAA KWA SINDANO

Maumivu yasipopungua, iko njia ya kuitoa chokaa pasipo kulipasua bega. Njia hii si ngeni kabisa. Madaktari Patterson na Darrach wa Marekani waliieleza mwaka 1937. Jambo lililozidi tangu wakati huo ni kwamba sasa daktari huiona sindano yake katika altrasaundi, asichome kwa kukisia.

Mgonjwa hulazwa au huketishwa, ngozi husafishwa, na dawa ya ganzi hutiwa. Yeye hubaki macho, akizungumza. Daktari huingiza sindano moja au mbili mpaka ndani ya bonge la chokaa, akasukuma maji safi ya chumvi yaliyotengenezwa kwa kazi ya hospitali, kisha akayaacha yarudi. Maji huingia meupe kama ya mvua na kurudi yenye ukungu kama maji ya kuoshea mchele, kwa maana yameichukua chokaa. Hufanya hivyo mara nyingi, mpaka maji yaanze kurudi safi. Mwishoni aghalabu hutia dawa ya steroidi katika kile kifuko cha ute ili kutuliza uvimbe. Mgonjwa hurudi kwake siku ile ile, bila kushonwa. Siku chache za kwanza bega laweza kuuma zaidi, naye huambiwa asibebe vitu vizito kwa muda.

Hatari zake ni chache, lakini zipo. Uchafu ukiingia, kiungo chaweza kutunga usaha. Kwa hiyo kazi hii ni ya daktari aliyefundishwa, mahali safi. Dawa ya steroidi huweza kupandisha sukari ya damu kwa siku kadha wa kadha, basi mwenye kisukari hana budi kusema mapema. Vivyo hivyo na yule atumiaye dawa za kuzuia damu kuganda.

Iko pia njia ya mawimbi ya mshtuko. Mashine za namna hii zilitumiwa kwanza Ujerumani mwaka 1980 kuvunja mawe ya figo, na baadaye zikajaribiwa katika bega. Upasuaji kwa tundu dogo na kamera huachwa kuwa njia ya mwisho.

JE, NJIA HIZI ZASAIDIA KADIRI GANI?

Swali hili ni la maana sana kwa mtu wa Jilore, ambaye huenda akauza mbuzi ili apate nauli na ada. Majibu ya wataalamu yamebadilika kwa kadiri uchunguzi ulivyoendelea.

Mwaka 2009 madaktari wa Italia walitoa habari za wagonjwa 219 waliooshwa chokaa kwa sindano, wakawalinganisha na wengine 68 waliokataa kuoshwa. Baada ya mwaka mmoja, waliooshwa walikuwa na nafuu zaidi. Lakini baada ya miaka 5, na tena baada ya miaka 10, makundi yote mawili yalikuwa sawasawa.

Mwaka 2023 ukatolewa uchunguzi mgumu zaidi, uliofanywa katika hospitali za Norway na Sweden kwa wagonjwa 220. Waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: wa kwanza waliooshwa chokaa na kutiwa steroidi, wa pili waliofanyiwa mfano tu wa kuoshwa, kisha wakatiwa steroidi, na wa tatu waliofanyiwa mfano tu na kupewa ganzi pasipo steroidi. Wagonjwa hawakujua wamo katika kundi gani. Baada ya miezi 4 na hata baada ya miezi 24, makundi yote yalikuwa yamepata nafuu, wala haikuonekana tofauti ya maana kati yao. Kuhusu mawimbi ya mshtuko, jumuiya ya wachunguzi iitwayo Cochrane ilipima majaribio mengi mwaka 2020, ikaona kwamba faida yake ni ndogo.

Maneno haya hayana maana kwamba sindano haifai kwa mtu ye yote. Wako madaktari ambao bado huitumia, hasa kwa mgonjwa ambaye maumivu yamemshinda na chokaa yake imelainika. Lakini yaonyesha kwamba asiyeipata hakuachwa pasipo tumaini. Wakati, mazoezi na subira ni dawa pia, nazo hazihitaji nauli ya kwenda Mombasa.

Ama kuchanjwa chale au kuumikwa chuku begani, hakuwezi kuifikia chokaa iliyo ndani ya kano. Na wembe uliotumiwa kwa mtu mwingine waweza kuleta ugonjwa mbaya kuliko ule wa kwanza.

WAKATI WA KUFANYA HARAKA

Subira ina mipaka yake. Aliyeanguka kutoka mnazini au mwembeni, na tangu hapo hawezi kuinua mkono, huenda amevunjika au kano imekatika. Bega lenye joto na uvimbe pamoja na homa laweza kuwa na usaha. Maumivu ya bega la kushoto yanayofuatana na kubanwa kifua, jasho na kukosa pumzi yaweza kutoka moyoni. Bega linaloendelea kuuma huku mtu akikonda lachunguzwe lisiwe na kifua kikuu cha kiungo au uvimbe mbaya. Watu hawa wasingojee wala wasijaribu mazoezi, bali wapelekwe upesi hospitali ya Malindi au Kilifi.

Wengine waanzie zahanati iliyo karibu. Na yule atakayeambiwa kwamba bega lake lina chokaa, na kwamba yafaa atiwe sindano, amwulize daktari maneno matatu kabla ya kukubali: kama ni hakika kwamba maumivu yatokana na chokaa hiyo, kama kungoja miezi michache zaidi kwa mazoezi kutamdhuru, na gharama yote itakuwa kiasi gani, pamoja na safari za kurudi. Kuuliza hivyo si kumkosea daktari heshima. Ni haki ya mgonjwa, nayo humsaidia daktari kumtibu vizuri.